Jiwe Halikuwemo Kwenye Bei

Nilisikia kwanza. Nilikuwa jikoni, nasubiri maji ya uji wa baba yachemke, na nyuma ya nyumba mtaimbo ulikuwa ukizama ardhini kwa mlio mzito wa chini chini, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Nilishauzoea. Kisha ukabadilika. Ting! Kimya. Ting! tena, pembeni kidogo. Kimya kirefu zaidi, halafu mtu akacheka.

"Dada! Hebu njoo uone kitu chako."

Nilitoka na mwiko mkononi. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro wa mabomba ya choo kipya, miguu inaning'inia, kofia kaigeuza kisogoni. Mwenzake, mtu mzima asiye na maneno mengi, alikuwa ameinama anapangusa udongo kwa kiganja, na chini ya kiganja chake ulitokeza mgongo wa jiwe, wa kijivu, mpana, umelala kimya chini ya dirisha la baba yangu.

"Hili nani analilipia?" fundi aliuliza.

"Si tulishapatana bei?"

"Bei ya kuchimba. Mimi nachimba udongo, dada. Udongo wako umeishia hapa."

"Lakini ulikuja ukapaona. Mlima mzima ni mawe!"

"Nilipaona. Na wewe unaishi hapa, unapaona kila ukiamka." Akatabasamu, na nikiri kwamba alikuwa na tabasamu zuri. "Hukuuliza jiwe. Nikasema moyoni, huyu dada kajipanga."

Huku kwetu Mabatini juu, ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe kama watu waliochelewa kupata viti, ukipatana na fundi kazi yoyote inayogusa ardhi, kabla hamjapeana mikono unamuuliza, "Na jiwe?" Atajibu kwamba jiwe ni juu yake au juu yako, na bei inapanda au kushuka hapo hapo. Kila mtu anayajua maneno hayo. Sisi tulitoka Kagera, kwenye udongo mwekundu unaomeza jembe mpaka mpini. Nyumba hii baba aliinunua zamani ikiwa imeshajengwa, akaipangisha, mpaka mimi nikaja kuishi humo na karatasi zangu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuchimba shimo Mwanza.

Jirani alikuwa anasikiliza, kaegemea ukuta na beseni lake la dagaa. "Hukuuliza jiwe?" alisema. "Jamani, Wahaya! Mmesoma mpaka mmesahau mnakaa juu ya nini!"

Akacheka. Fundi akacheka. Nikacheka na mimi, kwa sababu ukiibiwa mbele ya watu ni afadhali ucheke nao.

Ndani, baba hakucheka. Alikuwa amekaa kitandani, uso umeelekea dirishani, anasubiri kujua kama kazi inaendelea au imesimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya goti. Sukari ilianza na kidole, ikapanda. Mama alishatutangulia, na kliniki iko hapa mjini, kwa hiyo alipotoka hospitali alikuja kukaa kwangu. Choo kilikuwa nje, kule juu, mwisho wa ngazi za saruji zilizopinda katikati ya majabali mawili. Baba alizipanda kwa makalio. Alikaa kwenye ngazi, akasukuma magongo mbele, akajivuta, akakaa tena. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu ya mtu aliyepima magunia ya kahawa kwenye ghala la ushirika maisha yake yote. Mimi nilikatazwa kumgusa.

"Wewe ni binti yangu," alisema mara ya kwanza nilipojaribu, na hakukuwa na la kuongeza.

Basi nilikuwa nasimama jikoni, redio nimeipandisha sauti, ili asijue kwamba namsikiliza akihema. Mvua ikinyesha ngazi ziliteleza, na nilimsikia akianguka, na nilibaki nimeshika ukingo wa meza mpaka nisikie gongo likigonga tena.

Choo cha ndani ndicho kitu pekee alichoniomba. "Kikiisha, nitakaa hapa na wewe," alisema. "Kisipoisha, mpigie kaka yako aje anichukue." Kaka anakaa Usagara, nje kidogo ya mji, kwenye uwanja ulionyooka kama meza. Nilitaka baba akae. Sitaeleza sana, nilikuwa nimeishi miaka mingi peke yangu na watu niliowatunga, na sasa asubuhi kulikuwa na mtu wa kweli anayelalamika kwamba kahawa yangu ni maji.

Nililipa jiwe. Nililipa kwa malipo ya kusahihisha vitabu vya shule, maana riwaya yangu ilikuwa bado haijanilipa hata soda. Baada ya jiwe yakaja matairi chakavu, kwa sababu jiwe kama lile huchomwa kwanza, likishaiva linamwagiwa maji lipasuke. Baada ya matairi yakaja maji yenyewe, kwa kuwa bomba lilikuwa limekatika siku hiyo na madumu yalitoka mbali. Fundi hakusema hata mara moja kwamba ameongeza bei. "Kuna kitu kidogo kimeongezeka," alisema, akitazama chini kwa huzuni, kama mtu anayeleta habari za mgonjwa wa watu wengine.

Walipowasha matairi, moshi ulipanda ukutani, ukaingia kwa baba kupitia dirisha lililokuwa limefungwa. Ulikuwa mweusi, mzito, unanuka kama barabara inayoungua. Nilipoingia nilimkuta kajifunika shuka usoni. Kule chini ziwa lilikuwa linang'aa, limejaa jua, na nililichukia kwa uzuri wake. Jioni walimwaga maji, jiwe likalia, mlio mmoja mkavu, na ufa ukakimbia kutoka upande huu mpaka upande ule.

Tatizo ni kwamba mtaro ulikuwa umekata njia ya kwenda chooni. Baba alifika ukingoni na magongo yake, akasimama, akautazama. Alikuwa amejizuia tangu asubuhi. Niliiona kwenye mishipa ya shingo yake.

Fundi aliweka nyundo chini. "Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Twende. Mimi si mwanao?"

Kabla baba hajajibu alikuwa ameshabebwa. Fundi alimshika mgongoni na chini ya paja, yule mwenzake akachukua magongo, wakavuka mtaro, wakapanda ngazi. Nilirudi jikoni. Safari hiyo sikuwasha redio, na ndiyo maana nilisikia.

"Una nguvu wewe," baba alikuwa anasema. "Ghalani kwangu ungebeba magunia mawili."

"Mzee, wewe mwepesi kama mkungu wa ndizi."

"Ndizi gani? Taja."

"Hizo zenu, za kupika na kujisifia."

Baba alicheka. Alikuwa hajacheka tangu hospitali. Kicheko kilimtoka kwa shida, kikakwaruza, kisha kikapata njia, na mimi nikasimama na sufuria mkononi nikawaza kwamba jiwe hilo na libaki hapo mwezi mzima.

Ikawa desturi. Asubuhi fundi akifika alikuwa anapiga hodi dirishani kwanza: "Mzee, gari limefika!" Baba alianza kunyoa ndevu. Mchana aliniambia, "Mpe fundi nyama, mimi sina njaa." Alimweleza fundi habari za ghala, namna makuli walivyoficha mawe ndani ya magunia ili uzito uongezeke, na namna alivyowajua kwa kutazama tu jinsi gunia linavyokaa chini. Fundi alisikiliza, au alionekana kusikiliza. Kwangu bado vitu vilikuwa vikiongezeka, saruji, mchanga, bomba refu kuliko lile tulilopanga, lakini niliulipia ule uso ulionyolewa na sikulalamika.

Jiwe lilipokwisha kutolewa, kabla ya kulaza mabomba, fundi aliingia sebuleni, akakaa, akanywa chai. Chumba cha baba kimetengwa na sebule kwa pazia tu.

"Dada, tuweke hesabu sawa kabla hatujaendelea. Kuna kifusi, kukishusha mpaka barabarani."

"Kifusi sawa."

"Na kumbeba mzee."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kumbeba mzee kufanyaje?"

"Siku zote hizi. Naacha kazi, mwenzangu anaacha kazi. Hata ungemleta kijana wa kijiweni angetaka chochote."

"Punguza sauti," nilimwambia. "Wewe mwenyewe ulimwambia, 'Mimi si mwanao?' Ulisema wewe ni mwanawe!"

"Kusema tunasema. Mwanawe naye anakula, dada." Hakuwa na hasira. Alipuliza chai yake. "Ni kitu kidogo tu."

Pazia halikutikisika. Sauti ya baba ilitoka nyuma yake, ya kawaida kabisa, ile ya ofisini. "Fundi. Njoo huku."

Tuliingia wote wawili. Baba alikuwa amekaa wima, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Kuli wangu alilipwa kwa gunia," alisema. "Mimi ni gunia ngapi?"

Fundi alinitazama, akamtazama yeye, akaamua kwamba ni utani. "Gunia moja na kitu, mzee."

"Moja na nini?"

"Moja na robo."

"Muongo. Mguu mmoja haupo. Mguu ni mzito kuliko unavyodhani, mimi nimewahi kuwa nao. Toa robo yako."

"Haya, mzee, nimetoa robo. Lakini mguu haupo, mlima upo. Ngazi zile ni kali."

"Ngazi nakubali. Na kurudi?"

"Kurudi ni kushuka. Kurudi nusu bei."

"Baba," nilisema.

"Nyamaza, tunapatana." Hakunitazama. "Na mazungumzo? Yale ya ndizi. Yamo, au nayo yameongezeka?"

Hapo fundi alicheka, akapiga paja lake. "Mazungumzo zawadi, mzee!"

"Hapana. Nilicheka. Weka na hiyo."

Walipatana. Baba alifungua bahasha ya hela zake za dawa, akahesabu mbele ya fundi polepole, akampa mkononi, na fundi akapokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akasema asante mzee wangu. Nadhani mpaka leo fundi anaamini waliachana vizuri siku ile.

Kesho yake alipiga hodi dirishani. "Mzee, gari!"

Baba hakujibu. Fundi akarudia, akaniuliza kwa macho, akainua mabega. "Kama hataki, si nafuu yenu?" Akaenda kulaza mabomba.

Baba aliacha kunywa maji. Sikujua siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuta kikombe kimejaa, na cha chai kimejaa, na midomo yake imepasuka. Mtu mwenye sukari hatakiwi kukaa bila maji, alikuwa anajua hilo kuliko mimi. Alitafuna muhogo wa kuchoma, mkavu, akameza kwa nguvu. Kilichobaki mwilini mwake alikimaliza kwenye kopo alilolifunika kwa gazeti, akalimwaga mwenyewe dirishani usiku, juu ya udongo mbichi wa mtaro. Nililia mlangoni kwake. Nilimwambia nitawafukuza wote, nitambeba mimi.

"Wewe ni bei gani?" aliuliza.

Aliuliza taratibu, kwa udadisi, kama anayetaka kweli kujua. Kisha akajigeuza ukutani.

Choo kilikamilika wiki ileile. Cha kukaa, cheupe, na chuma cha kujishikia ukutani pande zote mbili. Ziada ya mwisho ilikuwa ya chuma hicho. Kaka alikuwa ameshafika. Baba alikuwa amempigia mwenyewe, mimi sijui lini. Kaka hakuwa ameambiwa kitu zaidi ya kwamba baba anataka kubadilisha hewa.

Baba alikwenda mpaka mlango wa choo kwa magongo yake. Alitazama vigae. Alibonyeza, akasikiliza maji yakishuka mpaka yakaisha.

"Kizuri," alisema. "Ukipangisha chumba changu, mpangaji atakipenda."

"Baba, ulisema kikiisha utakaa."

"Nilisema."

"Kimeisha."

"Nilisema nikiwa sijapigiwa bei. Humu nimepigiwa bei, nimelipa. Sikai."

Kaka hakuelewa. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, funguo za gari mdomoni, mikono ameshaikunjua tayari kumbeba baba kuvuka kifusi kilichobaki. Kaka yangu ni mtu mkubwa, mchangamfu, anayecheka kabla ya kusikia.

"Subiri," baba alimwambia. "Mpaka garini ni kiasi gani?"

Kaka aliondoa funguo mdomoni. "Nini kiasi gani?"

"Kunibeba."

"Baba na wewe! Bure, mzee, ofa."

"Taja sasa hivi. Nisije nikaambiwa nikiwa Usagara."

Kaka alicheka, akanitazama nicheke naye. "Haya basi. Elfu moja, na ni kwa sababu ni wewe."

Baba aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa noti, akaikunja vizuri, akaipachika kwenye mfuko wa kifuani wa kaka. Kisha akainua mikono, tayari kubebwa. Kaka aliacha kucheka. Aliinama, akamchukua, na nikaona jinsi alivyoshtuka kwa wepesi wake.

Nilikwenda nao na magongo. Baba alinyoosha mkono akayachukua kutoka kwangu, akayalaza kifuani, asibaki na deni lolote kwangu. Wakatoka. Kaka hakuwa na mkono wa kufungia mlango. Aliuvuta kwa kisigino, ukagonga fremu, ukajifunga.