Mwalimu Aliyebomoa Roboti

Habari za kifo cha Mwalimu zilinikuta sokoni Kasulu nikichagua maharage. Aliyenipigia alikuwa mkuu wa shule aliyokuwa akifundisha, na hakuzunguka. "Mzee, Madam wetu wa fizikia ametutoka asubuhi hii. Tunampeleka kwao Kakonko." Niliyaacha maharage palepale. Nilijua anaumwa, maana nilikuwa nimemtembelea hospitali, naye akanitania kwamba safu zangu za gazetini ni ndefu kuliko foleni ya daktari. Sikujua kwamba ndiyo tunaagana. Tulimzika kesho yake, na ile barabara ya lami tuliyoililia miaka yote ilitufikisha makaburini mapema mno. Wasomaji wangu wa siku zote watanivumilia leo nikimzungumzia mtu wasiyemjua. Hakuwa ndugu yangu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ile, na yeye ndiye aliyeanzisha klabu ya roboti pale, kisha akaigombania na mkuu wake mbele ya macho yetu.

Alianza na vitu vya kutupwa. Jumamosi alikuwa akishuka mjini kwa mfanyabiashara mmoja wa redio na televisheni, mzee mcheshi mwenye asili ya pwani, akimwomba deki mbovu zilizorundikwa nyuma ya duka. Siku moja nilimkuta pale. Mzee akamuuliza, "Mwalimu, wazima wapo, wewe unataka maiti?" Akamjibu, "Nataka viungo tu, mzee wangu, mazishi utafanya mwenyewe." Ndani ya deki kuna mota ndogo inayotoa na kurudisha kile kisahani cha santuri, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiifuata. Wanafunzi wakakata magurudumu kutoka kwenye ndala zilizochakaa, wakachonga bodi ya gari kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, na yeye akaagiza Dar es Salaam kile kipande kidogo cha saketi kinachopokea maelekezo kutoka kwenye kompyuta. Kwenye mahafali ya kidato cha nne, kigari hicho kilifuata mstari wa solotepu nyeusi juu ya meza na kumpelekea mgeni rasmi kalamu yake. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Nami nilipiga makofi hadi viganja vikauma.

Baada ya hapo kikapatwa na kile kinachopata kila kitu kizuri katika nyumba zetu. Mkuu wa shule alikiweka ofisini mwake, kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, kati ya kombe la mpira wa pete na picha za viongozi. Kufuli juu. Muhula mpya ulipofunguliwa Mwalimu akakiomba, akaambiwa kiko salama. Walivutana mpaka jambo likafika kwenye bodi. "Kikiharibika, nani atanunua kingine?" mkuu alituuliza, na lilikuwa swali la haki kutoka kwa mtu ambaye shule yake huchanga hata chaki. Mwalimu akasimama. "Hakuna aliyekinunua hiki, Mkuu. Watoto walikiunda, na watoto hao wameshaondoka. Anayejua kukiunda sasa ni mimi peke yangu, na mimi naweza kuhamishwa hata kesho." Tulimpa. Alikwenda nacho moja kwa moja darasani, akawakabidhi kidato cha pili bisibisi, akawaambia wakifungue mpaka skrubu ya mwisho.

Kigari kikiwa bado vipande vipande, zikaja habari kwamba wageni wa shirika moja wanakuja kukiona, na wakiridhika watatupa chumba kizima cha kompyuta. Mkuu nusura alie. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, "sasa Madam, wanakuja kuona nini?" Mwalimu akasema wataona watoto wakiunda. Siku ilipofika tulikaa kwenye viti vya plastiki tukitazama wanafunzi wakigombana juu ya nyaya. Kigari kilipowekwa mezani kilianza kuzunguka pale pale kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mgeni mmoja akatazama saa yake, akatabasamu kwa adabu, akainuka. Binti aliyekuwa akiongoza wenzake akamkimbilia mlangoni. "Oya, musiondoke! Mota ya kushoto tumeiweka kinyume, ni hiyo tu!" Lakini walikuwa na shule nyingine za kutembelea. Gari lao halijamaliza kutoka getini, kigari kikanyooka mezani toka mwanzo hadi mwisho, na tulioshuhudia ni sisi wenyewe.

Kompyuta zilikwenda kwingine. Mwalimu alikuja nyumbani kwangu siku ile, akalia mbele ya mke wangu bila kuficha. "Kaka, nimewakosesha watoto." Nilimuuliza kama angepewa nafasi tena angefanya vile vile. Akajifuta uso. "Ego, ndiyo, ningerudia. Ila ningewaanzisha mapema."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Sisi watu wa huku juu Kasulu hatuna uchoyo. Tumezoea tu kwamba kitu kikiondoka hakirudi. Ndiyo maana vikombe vizuri ni vya wageni, makochi yanavikwa mashuka, na hadubini za maabara zinazeeka ndani ya maboksi huku watoto wakichora hadubini kutoka ubaoni. Tunavitunza vitu hivyo kwa upendo wa kweli, na watoto wanamaliza shule bila kuvigusa. Mwalimu aliliona hilo na likamkera, na gharama ya kukereka kwake ilikuwa kubwa. Sitasema kwamba kompyuta zile hazikuwa na maana. Zilikuwa na maana, na bado zinaniuma.

Ijumaa baada ya mazishi nilipita shuleni kwa shughuli za bodi. Nilidhani nitakuta ukimya, nikasikia kelele kutoka chumba cha fizikia. Ndani hapakuwa na mwalimu. Yule binti, ambaye sasa yuko kidato cha nne, alikuwa amezungukwa na kidato cha kwanza, na mbele yao kulikuwa na dumu, ndala na mota. Nikawaambia poleni na msiba. "Tumeshapoa, baba," akajibu bila kuinua kichwa. "Hebu tushikie hapa." Nikashika waya. Nilisikia uchungu kidogo kwamba hawalii, kisha nikatazama vile vidole vidogo vikikosea nyaya, vikirekebishwa, vikikosea tena, na mimi ndiye niliyelengwalengwa na machozi. Walimu wanaonisoma, kama mna kitu cha thamani shuleni kwenu, wapeni wanafunzi. Kifaa kilichoharibikia mikononi mwa mtoto anayejifunza kimemaliza kazi yake.