Mashine ya Chini ya Kitanda

Wazungu wa mradi wa karanga walipofunga kazi na kuuza vyombo vyao pale Nachingwea, karani wa stoo aliiacha mashine kubwa ya mazoezi, ya kuvuta kama apigaye makasia, akachagua ndogo, ya kuingia chini ya kitanda. "Hii hailii?" aliuliza mara tatu. Alikuwa ameota kitambi, na kijijini kwao Malolo mtu hutokwa jasho shambani, si chumbani. Kila alfajiri alifunga dirisha, akayapaka mafuta magurudumu ya mashine, akavuta huku akibana pumzi majirani wasimsikie. Siku mama yake alipomtembelea, waliketi kitandani, na mama akamshika viganja, akapapasa sugu. "Kumbe jembe hujaliacha, mwanangu!" akasema, machozi yakimlengalenga. "Ndiyo, mama," karani akajibu akitazama sakafu, na kwa kisigino akaisukuma mashine ndani zaidi.