Mkwe Amemwinua Mama Bila Kumgusa

Leo bwanangu amemwinua mama yangu kutoka sakafuni bila kumgusa hata kidole.

Mnatujua sisi Waluo. Mama na mkwe wake hawakaribiani. Ndio maana, tangu magoti yaanze kumsumbua, nimempangishia Mama chumba kando ya nyumba yetu. Hawezi kulala kwa mkwe.

Asubuhi nikiwa sokoni, Mama akateleza chumbani. Aliyekuwa karibu ni bwanangu, Baba Akinyi, peke yake.

"Usikuje hapa," Mama akamwambia akiwa chini.

Hakubishana. Aliingia kinyumenyume na kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya Mama, akakikalia kisisonge. Macho mlangoni.

"Shika nyuma ya kiti, Mama. Pole pole."

Nimefika nikamkuta hapo, amekaa kama anangoja kinyozi. Mama amesimama nyuma yake, mzima.

"Mwambie aende," Mama ananiambia, kana kwamba hayuko. Kisha: "Na leo kichwa cha samaki mpe yeye."

Kichwa! Tangu nizaliwe hajawahi kumwachia mtu.

Nyinyi mliosema nimeolewa na mtu mnyamavu sana, njooni hapa mseme tena.