Kizimba cha Sita

Mama Vidudu alifagia maabara ya kilimo kwa miaka kumi na tisa. Maabara ilipofungwa, aliomba apewe vizimba sita vya wavu vyenye wadudu wekundu wa madoa meusi, wale wanaokula vidukari, vijidudu vinavyofyonza mboga. Bondeni, asili ya wadudu hao, dawa za kuua wadudu zilikuwa zimewamaliza wote. Akawafuga katika chumba cha marehemu mumewe, wakazaana, akawagawia wakulima. Wakulima wakaacha kununua dawa dukani kwa shemeji yake.

Adhuhuri moja shemeji aliupiga mlango teke, bomba la dawa mgongoni.

"Shemeji, toka humo. Leo nawamaliza."

"Basi utaanza na mimi."

Shemeji akamtwanga mkono kwa fimbo ya bomba, mfupa ukalia kama kuni kavu. Akavikanyagakanyaga vizimba vitano, akapuliza dawa. Macho yakimwasha kwa dawa, Mama Vidudu alijitupa juu ya kizimba cha sita. Teke la kwanza lilimpata mbavuni, la pili mdomoni. La tatu lilipokuja, aliudaka mguu, akaung'ata mpaka damu ikamjaa kinywani. Shemeji akaanguka chali, bomba likapasuka, dawa ikamrukia usoni. Akaanza kuomba maji.

Mama Vidudu alimmwagia ndoo nzima kwa mkono mmoja.

Binti yake alipofika kumpeleka hospitali, alimkuta amekumbatia kizimba. Ndani walitambaa wadudu kumi na mmoja.

"Mama, mkono umevunjika."

"Nauona, mwanangu. Kawatafutie vidukari kwanza."