Tende Moja Juu ya Pamba

Haya ninayaungama kwa aibu. Nilikuwa mfunga mizigo wa ghala moja la Clairwood, na Ramadhani ile iliangukia Desemba, ambayo kule kusini ni kiangazi, jua halitaki kuzama. Tulitumwa mtaa wa Umbilo kumhamisha mama mmoja mkusanyaji wa vitu vya kale. Mchana alinikaribisha chai, nikamwambia nimefunga. Akauliza huwa tunafuturu kwa kitu gani. "Tende," nikamjibu.

Magharibi ilipoingia nilikuwa peke yangu sebuleni. Mezani nikaona tende moja, imelazwa juu ya pamba nyeupe. Ya kahawia, imenona, ina mikunjo yake yote, hata kikonyo. Moyo ukayeyuka: kumbe mama amenikumbuka! Nikasema bismillahi, nikaitia mdomoni.

Ilikuwa baridi. Jino likagonga kioo.

Hapohapo mama akaingia na sahani ya tende, nyuma yake Dieudonné, msimamizi wetu Mkongomani. Mama akaitazama ile pamba, akaduwaa.

"Kichupa changu kiko wapi? Kina karibu miaka elfu mbili! Fundi alikipuliza ndani ya kalibu yenye umbo la tende, kiwekwe mafuta ya manukato."

Nilitamani kumsifu fundi huyo kwa sauti. Mimi mtoto wa Tanga, niliyekula tende tangu sijaota meno, alikuwa ameniweza kabisa! Lakini ningefunguaje mdomo?

Dieudonné akanisogelea, akaniinamia.

"Kaka, mbona shavu yako inavimba?"