Msumeno wa Mvuke Kwenye Mfereji wa Bustani

Mume wangu alikuwa seremala, mtu wa Gairo, mimi wa huku milimani. Kwetu mwanamume akioa huja kuishi kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Kwa hiyo kila alichotaka kujenga, ilibidi kwanza kimpendeze mjomba wangu, mkubwa wa ukoo.

Enzi hizo za Wadachi, yaani Wajerumani, misheni ilikuwa na msumeno wa duara ulioendeshwa na injini ya mvuke. Injini ikaharibika kabisa, na padri akamwachia mume wangu ule msumeno. Wanaume wakaupandisha mlimani kutoka Mkuyuni, wameuning'iniza kwenye mti begani.

"Utauendesha kwa kitu gani?" mjomba akauliza.

"Kwa maji, mjomba," mume wangu akasema, akionyesha mfereji wa bustani.

"Maji yapi? Huu ni mfereji wa kumwagilia maharage, baba, si mto."

Hata hivyo akaturuhusu: bustani zikishakunywa, maji ni yetu.

Mume wangu akaunda gurudumu la mbao lenye vibao vya kupokea maji, akaliunganisha na msumeno kwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe. Tukafungulia maji. Gurudumu likatetemeka tu, likatulia. Akapaka mafuta ya nyonyo kwenye mhimili, akalegeza mkanda. Wapi! Majirani wakaanza kucheka chinichini. Jioni moja akaniambia labda arudi kwao.

Kesho yake aliuvua mkanda ili autazame, na gurudumu likazunguka kwa maji peke yake, vizuri kabisa. Nikalitazama muda mrefu.

"Nguvu ya kwenda linayo," nikamwambia. "Linashindwa kuanza tu. Tulianzishe sisi."

Akarudisha mkanda, akaenda kutafuta kamba. Tukaizungusha kwenye mhimili, tukafungulia maji, tukavuta kwa pamoja. Msumeno ukaguna, ukasimama. Tukavuta tena.

"Mnavuta kama wagonjwa! Nipisheni."

Mjomba alikuwa ameacha jembe lake kwenye matuta. Akaishika kamba mbele yetu, tukavuta watatu, na kamba ikafyatuka yote. Safari hii msumeno haukusimama. Ukavuma. Mume wangu akausogezea msumeno gogo polepole. Akiharakisha msumeno unazubaa, akirudi nyuma unachangamka. Mwishowe ubao ukadondoka, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba.

Mjomba akauokota, akaugonga kwa kidole.

"Mbaya," akasema. "Lakini ni ubao."

Nilicheka hadi nikakaa kwenye matope.

Baadaye mume wangu alifunga mawe kwenye gurudumu ili liwe zito, lisisimame meno ya msumeno yanapouma mti. Kuanza, bado tulivuta kamba. Nyumba zilizokuwa zikifungwa kwa mikeka zikapata milango, na watu wakaja hata kutoka Matombo kuulizia mbao.

Kiangazi kilipofika maji yakatosha bustani tu; mjomba akaanza kuchimba mfereji mwingine wa gurudumu, juu kidogo ya ule wa kwanza, bila kumwambia mtu. Mume wangu alimkuta huko asubuhi, akamwamkia, akaanza kuchimba upande wa pili.