Matamvua ya Mkeka wa Gari

Wifi yangu Unaisi alijifunza kuendesha gari akiwa tayari ana wajukuu, na mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote. Kwetu wifi na wifi hutaniana hadharani, hata kanisani, na asiyetaniwa hujiona hapendwi. Siku ya kwanza alipolitoa gari barabarani nilisimama mlangoni nikawatangazia majirani kwamba kuku wenye akili wahamie kijiji cha pili. Alinijibu kupitia dirisha kwamba akianza kugonga ataanza na kuku mzee mwenye maneno mengi.

Hakujifunza kwa kupenda. Mumewe Apisai, ambaye ni kaka yangu, maisha yake yote alikuwa dereva wa lori la miwa. Alikuwa akitoka bondeni na mzigo hadi kiwandani, mkono mmoja kwenye usukani, kiwiko nje, na hakuna aliyemwona amepanda gari la kuendeshwa na mtu mwingine. Halafu figo zikamgomea. Akaambiwa aende hospitali, mjini Nadi, kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, basi akawa anapanda basi la asubuhi. Siku moja wakati wa kurudi alianguka ndani ya basi, na abiria wakamruka wakidhani amelewa. Habari hiyo ikamfikia Unaisi. Aliuza ng'ombe wake wote na kile kibanda chake cha magimbi pale sokoni Sigatoka, akanunua gari la mafuta na umeme lililokwisha tumika huko Japani.

Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya fedha, kimya kama paka, na lilipowashwa sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani ambayo hakuna aliyeyajua. Unaisi alikuwa akimwitikia kila asubuhi, "Asante mama, nawe pia." Mimi nikaeneza habari kwamba kaka yangu ameoa mke wa pili, na kwamba huyu mpya ana sauti nzuri kuliko wa kwanza.

Mtu mzima kwetu hakalishwi patupu. Kwa hiyo nilimsukia kaka mkeka mwembamba wa majani ya mkadi, wa kutandika kiti cha nyuma ili awe anajinyoosha, nikautia matamvua ya nyuzi za sufu, nyekundu, kijani na manjano, safu tatu. Niliufanya vizuri kuliko mkeka wowote wa harusi. Sababu ni kwamba mimi na Apisai hatusemezani. Hatujagombana, ndivyo tulivyolelewa: kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawazungumzi ana kwa ana, hawataniani, hawaketi kutazamana. Nikitaka jambo kwake namwambia Unaisi, naye akitaka jambo kwangu humwambia Unaisi. Sijawahi kumuuliza kaka yangu anajisikiaje. Nilichoweza ni kusuka.

Basi wakawa wanakwenda hivyo, Unaisi mbele ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba utaibwa, Apisai nyuma juu ya mkeka. Kila baada ya kona Unaisi aliuliza, "Uko sawa?" Na kila mara alijibiwa, "Niko sawa. Tazama barabara."

Taa iliwaka siku ya jua kali, wakipanda kilima wakati wa kurudi. Ilikuwa pembetatu nyekundu katikati ya dashibodi, na chini yake maneno ya Kijapani. Gari likalegea, likawa linapanda kwa kujivuta. Kwa wiki kadhaa nyuma ya kiti kulikuwa na feni iliyokoroma, lakini wote walidhani ndivyo magari ya aina ile yalivyo. Unaisi akaegesha chini ya minazi. Apisai akamwambia alizime, alipumzishe, aliwashe tena. Likawaka, taa ikazimika, na kwa muda ikawa ndiyo dawa. Kisha dawa ikaacha kufanya kazi. Siku moja walikwama njiani mpaka zamu ya Apisai hospitali ikapita, na alipofika nyumbani miguu ilikuwa imevimba, na kifua kikimbana hata kulala hakuweza. Tulimketisha usiku kucha ameegemea mito. Hapo ndipo sote tulipoelewa kwamba taa ile haikuwa ya gari tu.

Unaisi alilipeleka kwa fundi Parmendra, mwenye gereji karibu na daraja. Ni mtu wa haki, na alikuwa akimjua Apisai tangu enzi za lori. Alichomeka mashine yake ya kupimia, akasoma, akasoma tena, akavua kofia.

"Mama, betri kubwa imekufa," alimwambia. "Ningekuwa na habari nyingine ningekupa."

Bei ya betri ilikuwa karibu sawa na bei ya gari lenyewe. Unaisi alirudi nyumbani kwa miguu, akapita mlangoni kwangu bila kunitukana, nikajua mambo yameharibika.

Jioni alikuja, akaketi, akasema anataka kuuza mikeka.

Hapa sina budi kusema ni mikeka gani. Chini ya kitanda cha nyumba kubwa ya ukoo kulikuwa na rundo la mikeka, mingine ya marehemu mama yetu, mingine ya mikono yangu, mipana, ya majani laini, na matamvua mazito kuliko yote niliyowahi kushona. Ilikuwa ya Apisai. Tangu alipoanza kwenda Nadi nilikuwa nikiiongeza kimyakimya. Kila mtu alijua ni ya siku gani, na hakuna aliyeitaja. Mtu wa ukoo wetu akifa bila mikeka ya kwao, aibu ni ya dada zake. Mke wa mchungaji alikuwa anaozesha binti, na angeinunua yote.

Nilikuja juu. Nilimwambia hana haya, kwamba anataka kumzika kaka yangu kama mzigo wa taka, kwamba mikeka ile mama aliisuka macho yakiwa yamekwisha kuingia ukungu. Nilisema na mengine ambayo hayakuwa utani. Unaisi aliniacha nimalize.

"Wifi, hii mikeka mmemwekea siku ya kuzikwa," alisema. "Mimi nataka asizikwe."

Akaondoka. Nilinuna siku nzima. Kesho yake niliivuta mikeka mwenyewe kutoka chini ya kitanda, nikaianika kwenye nyasi ili mke wa mchungaji akija Jumapili aikute imekaa vizuri. Nililia nikiianika, na aliyetaka kuniona aliniona.

Wakati huohuo Parmendra alikuwa anafungua kiti cha nyuma ili aione betri kabla ya kuagiza nyingine. Akamwita Unaisi. Kando ya kiti, pale mtu aliyekaa anapoegeza mkono, kuna tundu lenye vijiti vya plastiki, na hapo ndipo betri inapovuta hewa ya kupoza. Yeyote asiyejua atadhani ni pambo au spika. Tundu lilikuwa limeziba, na feni iliyoko ndani ilikuwa imekwamishwa na nyuzi mpaka haizunguki.

Fundi alijilaumu. Alisema mashine ilimwambia betri inaungua kwa joto, naye akatamka imekufa bila kufungua. Alisafisha, akaweka feni nyingine, akabadilisha vipande viwili vya betri vilivyochoka, akaliendesha kilimani mara kadhaa. Taa haikuwaka. Hakuahidi kwamba litadumu miaka, ila alisema kwa sasa litakwenda Nadi na kurudi.

Unaisi aliniletea mfuko wa mkate umejaa nyuzi. Nyekundu, kijani, manjano. Nilizijua bila kuzigusa, kwa kuwa nilizinunua mimi. Zilikuwa zimesokotwa kwa vidole, uzi kwa uzi, zikawa vidonge vidogo vigumu kama punje za pilipili manga. Tulitazama mkeka wa gari. Upande wa kando ya kiti, penye lile tundu, ambao hatukuwa tukiuona, hakukuwa na tamvua hata moja. Niliwashukia wajukuu wote, nikawafokea mmoja mmoja, wote wakakana.

Safari iliyofuata Unaisi aligeuza kioo cha ndani, badala ya barabara akawa anamtazama mumewe. Alinisimulia akiwa anamenya muhogo, na hakuinua macho. Kwenye kila kona na kila shimo, alisema, Apisai uso wake haubadiliki hata kidogo. Ni mkono tu. Unashuka pembeni, unashika uzi, unaung'oa, unausokota kwa nguvu mpaka kucha zinakuwa nyeupe. Kisha anauficha tunduni ili mkewe asione mkeka unavyoharibika.

"Nikamuuliza, uko sawa? Akasema niko sawa, tazama barabara."

Hatukutaniana siku hiyo. Nilihesabu moyoni ni safari ngapi, nikaacha, maana mfuko ulikuwa pale na ulikuwa umejaa.

Mke wa mchungaji alipokuja Jumapili nilimwambia mikeka haiuzwi, akanuna, akaenda zake. Nikachukua ule mpana kuliko yote, mkeka wa juu kabisa wa rundo la kaka yangu, nikaufumua matamvua pande zote nne. Nyuzi zile nilizishona kwenye mkeka wa gari, safu tano, ndefu za kujaa mkono.

Niliupeleka nyumbani kwao jioni. Apisai alikuwa amelala karibu na dirisha, ndiyo kwanza wametoka Nadi. Niliketi nikimpa mgongo, kama inavyopasa, nikamkabidhi Unaisi mkeka.

"Wifi, mwambie huyo mtu wako matamvua haya ni yake," nilisema. "Avute mpaka yaishe, nitashona mengine. Tundu la gari tu aliache."

Unaisi akamgeukia, akamwambia neno kwa neno, ingawa chumba ni kidogo na alikuwa amekwisha sikia. Kisha akamlazia mkeka pembeni. Nilisikia mkono wa kaka ukipita juu ya sufu.

"Mwambie dada yangu," alisema, "inauma."

Unaisi akanigeukia. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, lakini alitimiza kazi yake.

"Wifi, anasema inauma."

"Mwambie nimesikia," nikasema.